Kulinda fedha na taarifa za duka la pembejeo Mtwara: shajara ya mradi, Mei hadi Oktoba 2025

Duka letu lipo Chikongola, Mtwara mjini, na lina tawi dogo Masasi. Tunauza mabomba ya kupulizia mikorosho na spea zake, viuatilifu vya maji, maturubai na magunia. Wakulima wakishalipwa korosho tunahamia kwenye mabati na saruji. Mimi natunza hesabu, na kwa kuwa ndiye ninayeielewa kompyuta afadhali kuliko wenzangu, kazi hii nikatwishwa mimi. Naandika hatua kwa hatua ili mwenye duka wa Newala, Nachingwea au Kilwa aige panapomfaa na aruke pale tulipotupa hela.

3 Mei 2025: tulipoanzia

Aprili tulilipa shilingi 6,800,000 za magunia kwenye akaunti isiyo ya msambazaji wetu. Dukani hapakuvunjwa kitu. Kuna mtu aliingia kwenye baruapepe ya yule msambazaji wa Dar es Salaam, akakaa kimya akisoma mazungumzo, na siku profoma yetu ilipokaribia akatuma ya kwake: nembo ileile, bei zilezile, hata punguzo tulilolibembeleza limo. Kilichobadilika ni namba ya akaunti, pamoja na maelezo mafupi kwamba ile ya zamani "ipo kwenye ukaguzi". Anwani aliyoitumia ilikuwa na herufi r na n zilizobanana mahali pa m. Kwenye kioo cha simu huzioni hata uvae miwani.

Benki ilijulishwa na taarifa ikafunguliwa polisi, maana Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo kwa ajili ya mambo kama haya, lakini hela ilikuwa imeshatolewa. Kwenye vitabu tumeiandika kuwa hasara.

Vifaa tulivyonavyo ni kompyuta mbili Mtwara zenye Windows 10, moja Masasi yenye Windows 7, ruta, simu tatu za biashara na mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi. Windows zote ni za kukraki, yaani zimefunguliwa bila leseni. Aliyeziweka alizima kwanza ulinzi wake, kwa sababu programu ya kukrakia haifanyi kazi ulinzi ukiwa umewashwa, na hakuna aliyerudi kuuwasha. Nywila ya kila kitu ilikuwa jina la duka na mwaka lilipofunguliwa, na vyote viwili vimeandikwa kwa rangi nyekundu kwenye bango la mlangoni.

Bimkubwa, mwenye duka, alitaka tununue antivairasi ya bei kubwa yaishe. Nikamwonyesha kwamba ile profoma isingekamatwa na antivairasi yoyote: ilikuwa PDF safi isiyo na kirusi. Tukakubaliana kipimo kimoja, kwamba kinga itakayoshindwa na foleni ya msimu wa kupulizia tusiihesabu kuwa kinga.

17 Mei: malipo kwa wasambazaji

Tulianza na fomu ya saini mbili, ya keshia na ya Bimkubwa, kwa kila malipo yanayozidi laki tano. Haikumaliza wiki. Bimkubwa alipata msiba Tandahimba, na kabla ya kuondoka akasaini kibunda kizima cha fomu tupu ili kazi isilale. Makaratasi yote yakawa na saini mbili na hakuna mtu aliyekuwa ameangalia chochote.

Tukageuza utaratibu. Malipo ya kawaida kwenda kwenye akaunti ambayo tayari imehifadhiwa benki hayahitaji saini ya pili. Kinachosimamishwa ni mabadiliko: akaunti mpya, jina jipya la mpokeaji, au msambazaji kuja na namba mpya ya simu. Hapo keshia anapiga namba iliyo kwenye daftari la kaunta, si ile iliyochapwa kwenye profoma, anaongea na mtu anayemfahamu, na hela haitoki mpaka kesho yake. Namba za kwenye daftari tulizinakili kwa kalamu kutoka risiti za miaka ya nyuma.

Msambazaji mmoja alipopigiwa simu alikuja juu: "Dada, siku hizi mnatuona wezi?" Bimkubwa akaichukua simu. "Si wewe, kaka. Ni huyo anayejiita wewe." Sasa na yeye anapiga kabla ya kubadilisha kitu.

Baruapepe yetu tuliikagua upande wa mipangilio. Tapeli akiingia hupenda kuacha maagizo ya siri, kwamba kila ujumbe wenye neno kama "malipo" upelekwe nakala kwake au ufichwe kwenye folda isiyofunguliwa. Yetu ilikuwa safi. Nywila mpya ni maneno manne yasiyohusiana, na hatuibadilishi kila mwezi, kwa sababu ukilazimisha hivyo watu huongeza 1, kisha 2, kisha 3 mwishoni. Uthibitisho wa hatua mbili, yaani namba ya ziada inayodaiwa baada ya nywila, tumeuwasha kwa programu ya kwenye simu badala ya meseji. Laini ikihamishwa kwa ujanja, mwenye laini mpya ndiye anayepokea meseji.

Gharama: 12,000, daftari na fotokopi.

7 Juni: meseji za "umepokea"

Msimu wa kupulizia umeanza, na matapeli nao wanajua kalenda ya korosho. Kuna aina tatu tulizoziona kaunta. Mteja anaonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake mwenyewe, ameiandika yeye. Au meseji ya "umepokea" inaingia kwenye simu ya duka kutoka namba ya kawaida, halafu mtu anapiga akilia kwamba amekosea, arudishiwe. Ya tatu ni ile kongwe, "ile hela tuma kwenye namba hii". Hii ya mwisho unaweza kuicheka mpaka siku ikufikie dakika ileile ambayo kweli unadaiwa na mtu.

Agizo letu la kwanza lilikuwa keshia aangalie salio kwenye menyu kila baada ya mauzo. Kufika saa nne asubuhi lilikuwa limekufa. Nje kulikuwa na watu wa Nanyamba wanaowahi gari, menyu inazunguka, mteja ananung'unika, keshia akaanza kuamini kioo cha simu ya mteja kama zamani. Sikumlaumu. Ukiipa kazi ya nusu dakika mtu mwenye wateja kumi mbele yake, ataikata.

Kilichosimama ni hiki. Simu inayopokea lipa namba imefungwa kwa mnyororo kaunta na haifanyi kazi nyingine; maongezi yamehamia kwenye kiswaswadu. Meseji halisi za malipo zote huingia kwenye mfululizo mmoja wenye jina la kampuni ya simu, chini ya ile iliyotangulia, na kila moja inataja salio. Keshia anaangalia vitu viwili tu: imeingia kwenye mfululizo uleule, na salio limepanda kutoka la meseji ya juu yake. Ni kutupa jicho. Jina la mtumaji nalo linaweza kughushiwa, kwa hiyo mauzo yanayozidi laki mbili bado yanathibitishwa kwenye menyu, na mteja wa pesa hiyo huwa radhi kusubiri.

Meseji za utapeli tunazituma 15040, namba ya bure ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kisha namba iliyozituma. Tulipiga pia *106# kuona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha NIDA cha Bimkubwa. Ilitokea laini asiyoijua, na akaenda kuifungisha.

Kitu kimoja kidogo: kila asubuhi anayefungua duka anasoma namba iliyo kwenye stika ya lipa namba na kuilinganisha na iliyo kwenye daftari. Kubandika stika juu ya stika hakuhitaji kujua kompyuta.

Gharama: kiswaswadu 35,000, mnyororo na kufuli 8,000.

28 Juni: bakapu

Hii ndiyo hatua iliyotusumbua kuliko zote, kwa sababu kila kitu kilionekana kinakwenda vizuri.

Kanuni inayotajwa kote ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya jengo. Tulianza na ile ya mtandaoni. Bando likaisha usiku wa kwanza. Folda ya "Hesabu" ilikuwa na zaidi ya gigabaiti 40, na nilipoifungua nikakuta video za WhatsApp za harusi, mawaidha na mpira zimejaa humo. Hesabu zenyewe hazikufika gigabaiti mbili. Baada ya usafi, nakala ya mtandaoni inapanda usiku bila shida.

Sikutaka tutegemee mtandao peke yake. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata barabara ya Dar es Salaam upande wa Somanga, na tarehe 12 mwezi huohuo nyaya za chini ya bahari zikakatika, intaneti ikazorota nchi nzima. Tukanunua diski mbili za nje. Moja ilichomekwa kwenye kompyuta na kuachwa hapo, jambo linaloonekana la busara mpaka ufikirie kirusi cha kudai fidia: kikiingia kinafunga kwa msimbo kila diski inayoonekana, na bakapu yako ikiwamo. Kwa hiyo sasa diski inachomekwa Alhamisi jioni, inanakiliwa, inachomolewa. Zinapokezana, na isiyotumika inakaa nyumbani kwa Bimkubwa ndani ya kopo la plastiki lenye vile vipakiti vinavyokuja na viatu vipya. Hewa ya chumvi ya hapa inakula hata bawaba za milango.

Halafu tukajaribu kurejesha. Faili kuu la hesabu lilifunguka likaandika kwamba limeharibika. La wiki iliyotangulia vilevile. Ukubwa wake ulikuwa sawa, tarehe sawa, alama ya kijani ya kukamilika ipo. Sababu ni kwamba keshia hufunga hesabu saa kumi na mbili na nusu, wakati kunakili kulipangwa kuanze saa kumi na mbili kamili. Programu ya hesabu ikiwa wazi, faili lake liko katikati ya kuandikwa, na unachonakili ni kipande. Tungeungua duka siku ile tungekuwa na diski mbili za takataka.

Marekebisho: keshia anabonyeza amri ya programu yenyewe ya kutengeneza nakala, ambayo inafunga faili kwanza, ndipo nakala hiyo inakwenda kwenye diski. Mwisho wa kila mwezi tunaifungua kwenye kompyuta ya pili na kulinganisha salio la wadaiwa na lile lililo kwenye daftari. Lisipolingana kwa shilingi moja, nakala hiyo ni bure.

Gharama: diski mbili 330,000.

19 Julai: fleshi

Tulikuwa tunachapisha lebo za bei steshenari. Fleshi ikarudi na folda zote zimegeuka njia za mkato. Wengi mnakijua kirusi hiki: kinaficha folda zako halisi, kinaweka vivuli vyake vyenye majina yaleyale, ukibofya kinajipenyeza kwenye kompyuta. Mafaili hayajapotea. Safisha kwanza kompyuta, kisha fungua dirisha la amri na uandike attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukibadilisha E kuwa herufi ya fleshi yako. Folda zitaonekana tena, nawe futa zile njia za mkato bila kuzibofya.

Kupiga marufuku fleshi hakukufua dafu; tawi la Masasi lilikuwa linaleta hesabu kwa fleshi, na kijana wa stoo akaendelea kwa siri. Tumenunua printa, Masasi wanatuma kwa baruapepe, na zimebaki fleshi mbili zilizofungwa utepe mwekundu za kutokea nje tu. Zikirudi zinafomatiwa kwenye kompyuta isiyo na hesabu.

Gharama: printa ya wino wa kujaza 480,000, fleshi 30,000.

16 Agosti: WhatsApp iliyobaki Ngongo

Tulipeleka mabomba Nanenane, viwanja vya Ngongo, Lindi. Orodha ya bei ikaisha, vijana wakaenda steshenari, wakafungua WhatsApp ya duka kwenye kompyuta ya pale kwa kuskani ule mraba, wakachapisha, wakaondoka. Hakuna aliyetoka kwenye akaunti.

Siku kadhaa baadaye mteja wa Ruangwa akapiga kuuliza turubai lake liko wapi. Alikuwa ametuma 150,000 kwa namba ya mtu binafsi, aliyopewa na "sisi", kutoka namba yetu halisi, chini ya mazungumzo yetu halisi. Turubai tulimpelekea. Mteja hakuwa na namna ya kujua.

Kwenye mipangilio, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, kompyuta ile ilikuwa bado inasoma kila kitu. Tuliiondoa, tukaweka namba ya siri ya tarakimu sita ya uthibitisho wa hatua mbili, na orodha hiyo ya vifaa sasa inafunguliwa kila asubuhi pamoja na kusoma stika. Wateja wametangaziwa kwa bango, na kwa kila mazungumzo ya oda, kwamba lipa namba yetu ni moja na haina jina la mtu. Faili la kuchapisha likihitajika safarini, linatumwa kwa WhatsApp ya steshenari. Hatufungui akaunti yetu kwenye mashine ya mwingine.

Gharama: turubai 150,000, bango 20,000.

13 Septemba: Windows na ruta

Ruta kwa ufupi: nywila ya kiwandani imebadilishwa, wateja wamepewa mtandao wa wageni, na anwani ya kutafutia majina ya tovuti (DNS) imewekwa 9.9.9.9 ya Quad9, ambayo ni ya bure na hukataa kufungua tovuti zinazojulikana kuwa za ulaghai.

Kompyuta za Mtwara zilituletea habari njema. Zilinunuliwa mtumba na leseni halali ilikuwa imo ndani yake tangu kiwandani, aliyezikraki hakuangalia. Tulifuta kila kitu, tukaweka Windows safi kutoka tovuti ya Microsoft, ikajitambua yenyewe bila senti. Zote mbili zina chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa inayokubalika, kwa hiyo zimepanda hadi Windows 11.

Masasi ndiko kwenye mzigo. Windows 7 iliacha kupewa masasisho ya usalama 14 Januari 2020, na Windows 10 inafuata 14 Oktoba 2025. WannaCry, kirusi cha kudai fidia cha Mei 2017, ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wameshaliziba Machi; waliofungiwa mashine ni ambao hawakusasisha. Tulijaribu Linux Mint kwenye mashine ile. Kuandika, baruapepe na intaneti vilikwenda vizuri kuliko mwanzo, lakini programu ya hesabu haikukubali na printa ya risiti ilitema karatasi tupu. Kuna masasisho ya ziada ya kulipia ya Windows 10, kwa biashara ni dola 61 kwa kifaa mwaka wa kwanza na bei inaongezeka maradufu kila mwaka. Kwa mashine ya zamani kiasi hiki ni kumnunulia viatu punda anayekwenda kuuzwa. Tumenunua laptopu ya mtumba yenye Windows 11 halali. Ile ya zamani imechomolewa kwenye intaneti, inatumika kutazama hesabu za nyuma.

Gharama: 950,000.

27 Septemba: vitambulisho vya wadaiwa

Wakulima wanaokopa mabomba walikuwa wanapigwa picha kitambulisho cha NIDA, na picha zinatupwa kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi, ambamo wamo wawili walioshaacha kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, na inataka anayekusanya taarifa za watu asajiliwe kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azitunze kwa kazi aliyozikusanyia. Kundi tumelifuta. Namba ya kitambulisho inaandikwa kwenye mkataba wa mkopo, mkataba unakaa kwenye kabati lenye kufuli, deni likiisha unachanwa mbele ya mwenyewe. Usajili wa Tume tumeuanza.

18 Oktoba: jaribio la sauti

Siku hizi programu za akili unde zinaiga sauti ya mtu kutokana na rekodi fupi, na sauti ya Bimkubwa imejaa kwenye makundi ya vikoba. Kwa ridhaa yake, alirekodi ujumbe kutoka namba ngeni akiagiza fundi atumiwe laki tatu haraka, simu yake imezima chaji. Tukautuma pande zote mbili.

Keshia wa Mtwara alipiga namba ya zamani papo hapo. Masasi, kijana mpya alikuwa ameshaingiza namba ya fundi na amebakiza namba ya siri tulipomzuia. Utaratibu aliujua, aliusoma hata kwa kichwa. Nikamuuliza kilichomfanya aendelee. "Mama ameagiza. Nitampigiaje kumuuliza kama ni yeye kweli?"

Hapo ndipo nilipoona kasoro ya utaratibu wetu wote: ulimtaka mdogo amtilie shaka mkubwa, jambo ambalo hakulelewa kulifanya, na tapeli analitegemea hilo kuliko programu yake. Tulikaa naye Bimkubwa tukaligeuza. Sasa agizo lolote la hela analotoa linaishia kwa maneno yake mwenyewe, "kata, unipigie". Kumpigia ni kumtii. Agizo lisilo na maneno hayo si lake. Aliwaambia hivyo ana kwa ana, Masasi kwa Mtwara, na wiki hiyohiyo yeye mwenyewe aliyasahau. Keshia akakataa kutuma hela ya maji ya duka mpaka ayaseme. Bimkubwa alinuna hadi adhuhuri, kisha akamwongezea nauli.

Jumla ya gharama tangu Mei ni 2,015,000, bila bando na nauli. Bado: UPS (betri ya akiba) ya Masasi, ambako umeme ukikatika laptopu inabaki kwa betri lakini ruta inakufa, usajili wa Tume, na diski ya tawi, ambayo kwa sasa inasafiri kwa basi mkononi mwa kondakta. Tunatafuta namna ya kuifunga kwa nywila ambayo keshia wa Masasi ataweza kuifungua bila kunipigia.